Paa la kioo limelipuka njiani: kwa nini bei za Dar zinapishana mara tatu?

Msomaji ameniandikia hivi:

"Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu, nakaa Tabora mjini. Natumia Nissan X-Trail T32 ya mwaka 2015 yenye paa la kioo. Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka Kaliua, hatujafika Urambo, saa nane mchana, kioo cha juu upande wa mbele kikalipuka kama bunduki. Hapakuwa na gari mbele yetu, wala sikuona jiwe. Pazia la ndani lilikuwa limefungwa, ndilo lililotukinga mimi na watoto. Fundi mmoja ananishauri nizibe kwa bati, nipige rangi, niachane nayo. Nimepiga simu Dar: duka la kwanza limenitajia bei, la pili karibu mara tatu yake. Wote wanasema ni kioo cha panorama cha X-Trail. Nani mkweli? Na kioo kinapasukaje chenyewe?"

Marahaba, mwalimu. Poleni sana, na namshukuru Mungu lile pazia lilikuwa limefungwa.

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza, maana likikupita leo gharama itapanda kesho. Usiguse swichi ya paa. Usifungue, usifunge, usijaribu hata kidogo kuona kama mota bado inafanya kazi. Kioo kilipovunjika kilimwaga punje kwenye reli mbili za pembeni ambamo paa huteleza. Humo mna kebo za chuma zilizosokotwa na vibebeo vidogo vya plastiki vinavyoshika kioo. Mota ikivuta mara moja tu juu ya punje hizo, reli ya aluminiamu inachimbika na plastiki inakatika. Niliwahi kuletewa gari kama lako ambalo mwenyewe alikuwa amefungua na kufunga mara tatu ili vipande vidondoke. Alitoka nyumbani akiwa na shida ya kioo kimoja, akafika kwangu na shida ya kioo pamoja na fremu nzima, yaani reli, kebo na mota. Hakuna spea ghali kuliko hiyo fremu kwenye mapaa haya.

Kwa sasa pazia liache lilivyo, limefungwa, kwa sababu limebeba punje. Tandaza nailoni nene juu ya tundu, ivuke ukingo pande zote, uibandike kwa tepu kwenye bati lililofutwa vumbi. Endesha polepole na watoto wasipande mpaka gari lisafishwe. Punje zitolewe kwa vakyumu na brashi laini. Fundi akija na kompresa kupuliza, mzuie, maana atazisukuma kwenye matundu ya maji na ndani ya siling, na utaziokota mwaka mzima.

Sasa kuhusu kupasuka chenyewe. Ndiyo, kinaweza, na hukosei uliposema hukuona jiwe. Kioo cha mbele ya dereva ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Kikipigwa kinaweka nyufa lakini kinabaki mahali pake. Mapaa mengi hayakuwekewa kioo cha namna hiyo. Yana kioo kimoja kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla. Ngozi ya nje iliganda kwanza, tumbo likapoa baadaye huku likiivuta ngozi kwa ndani. Tangu siku hiyo kioo kinaishi kimejikaza: nje kunabana, ndani kunavuta. Mkazo huo ndio nguvu yake, ndiyo maana unaweza kukipiga ngumi usoni kisitikisike. Lakini jeraha likipenya ile ngozi na kufika tumboni, kioo kinauachia mkazo wote mara moja. Ndio ule mlio wa bunduki, na ndiyo sababu ulipata punje, hukupata vipande virefu.

Jeraha linatoka wapi? Mara nyingi ukingoni, kwa sababu ukingo ndio mahali dhaifu. Jiwe la lori linaweza kuacha alama ndogo kama jicho la sindano, wewe ukaendelea na safari, halafu wiki tatu baadaye bodi inajipinda kwenye shimo moja huku jua la mchana likiwa kali, kioo kinakwenda. Ule mkanda mweusi unaozunguka kioo ni rangi ya kauri iliyochomewa hapo kiwandani ili jua lisiifikie gundi, lakini eneo lililopakwa rangi hiyo huwa na nguvu ndogo kuliko kioo kitupu. Kuna pia kasoro ya kuzaliwa nayo: chembe ya naikeli salfaidi iliyonaswa ndani wakati wa kutengeneza. Kwenye joto la tanuru chembe hiyo hujikunja, kisha baada ya miezi au miaka hutanuka taratibu mpaka ikapasua kioo gari likiwa hata limeegeshwa. Na hapa kwetu Tabora kuna miembe kila mtaa, na watoto hupopoa maembe. Jiwe lililokosa embe likatua juu ya gari lako Desemba linaweza kukudai miezi baadaye. Huwezi tena kujua lako lilikuwa lipi, kwa kuwa ushahidi umegeuka punje. Lakini usimlaumu aliyekuosha gari mchana kwa maji baridi. Kioo kizima kinavumilia hilo. Ambacho hakivumilii ni kile ambacho tayari kina jeraha.

Turudi kwenye bei. Mimi naamini maduka yote mawili yamekwambia kweli. Tatizo ni kwamba kila moja lilikuwa linakuuzia kitu chake.

X-Trail T32 ya panorama ina vioo viwili juu. Cha mbele hufunguka, cha nyuma kimetulia. Ukisema "kioo cha panorama," muuzaji mmoja anafikiria cha mbele, mwingine cha nyuma, wa tatu anafikiria paa zima lililokatwa kwenye gari la mtumba, likiwa na fremu, mota na pazia lake. Hilo la mwisho lazima liwe mara tatu. Niliumia mwenyewe kwa kosa hili nilipokuwa mgeni kwenye kazi ya mapaa. Niliagiza kwa simu kwa maneno hayohayo yako, nikatuma hela yote, na mteja wangu, muuguzi, akasubiri siku tisa akitembelea bodaboda kwenda zamu za usiku. Kasha lilipofika tukalifungua pamoja, mle ndani mna kioo cha nyuma, kizuri kabisa, na gari lake lilikuwa limevunjika cha mbele. Duka lilikataa kukirudisha. Yule muuguzi hakuniambia neno baya, ila sura yake siku ile naikumbuka mpaka leo. Tangu hapo siulizi bei kabla sijajua kipande.

Kwa hiyo fungua boneti, tafuta kibati chenye namba ya chasisi, ukipige picha kisomeke chote. Linganisha na kadi ya gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17; utaona kitu kama T32 au NT32, kistari, kisha tarakimu. NT32 ni ile ya kuvuta magurudumu manne, na ukiona H mbele ujue ni haibridi. Tuma namba yote, usitume mwaka peke yake. Kisha nenda kwenye kioo cha nyuma cha paa, ambacho kwa maelezo yako naona ni kizima, uangalie kona yake. Kuna muhuri mdogo uliochomewa. Ukisoma TEMPERED au TEMPERLITE, ni kioo cha kukazwa kwa moto kama kile kilicholipuka. Ukisoma LAMINATED au LAMISAFE, ni cha tabaka mbili zenye utando, na hicho kina bei yake nyingine kabisa. Muhuri wa kile cha mbele tafuta kwenye mabaki yaliyong'ang'ania fremu. Mara nyingi kipande cha kona hubaki kwenye raba. Usikitupe.

Ukishakitambua kipande, uliza kinakuja na nini. Kioo cha mbele kwenye mapaa mengi kimezungushiwa raba iliyochomewa humohumo, na chini yake kuna bati lenye matundu ya skrubu. Kikija na vyote, fundi anafungua skrubu za kale, anaweka kipya, anakilinganisha, basi. Kikija kioo kitupu, mtu atalazimika kuhamisha bati la zamani na kulibandika upya, na hapo unafuu wa bei unaishia kwenye ufundi. Duka la bei rahisi mara nyingi halisemi jambo hili mpaka uulize.

Halafu kuna asili ya kioo. Kuna kipya cha kampuni, kuna kipya cha kuiga, kuna mtumba. Kwa gari la umri wa lako, mimi nachagua mtumba wa kampuni kuliko kipya cha kuiga, na nasema hivi nikijua wenzangu wengi watanipinga. Paa si bapa, limepinda pande mbili. Kioo cha kuiga kikipungua au kuzidi milimita mbili kwenye ule mkunjo, raba haikai sawasawa, na utasikia filimbi ya upepo kuanzia kilomita 80 kwa saa. Mtumba wa kampuni umeshakaa kwenye gari kama lako, unajulikana. Ila mtumba unaangaliwa kwa kucha. Pitisha ukucha ukingoni kuzunguka kote, taratibu. Ukikwama mahali hata padogo, kiache, hicho ndicho kitakacholipuka kwenye shimo la kwanza. Kama unanunua ukiwa Tabora na kioo kiko Dar, mwombe muuzaji akurekodie video ya kingo zote nne kwenye mwanga wa jua. Asiyetaka kufanya hivyo ana sababu yake.

Magari mengine yana mambo yanayopandisha bei zaidi ya haya, na naandika kwa ajili ya wasomaji wengine. Harrier ya kuanzia 2020 inapatikana na paa ambalo kioo chake hubadilika kwa umeme, ukibonyeza linakuwa na ukungu, ukibonyeza tena linang'aa. Kioo hicho kina nyaya na utando maalumu, usikilinganishe na cha kawaida hata siku moja. Dualis yenye paa la kioo ina kipande kimoja kikubwa kisichofunguka. Hakina mota ya kukusumbua, lakini kimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo hela yako inakwenda kwenye kukata na kubandika. Pikapu kubwa za Marekani, F-150 na Ram 1500, zinapatikana na mapaa marefu yenye vioo viwili, na kwa kuwa gari lenyewe ni adimu huku, kioo kinaagizwa nje na unalipia safari yake yote, kodi ya forodha ikiwemo. Hilux nyingi za kazi mnazoziona Kigoma na Tabora hazina tatizo hili, paa lake ni bati.

Usafiri ni sehemu ambayo watu hawaihesabu, na kwetu ndiyo inayouma. Kutoka Dar hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na kwa ndugu zetu wa Kigoma, kwa njia ya treni, ni kilomita 1,250 hivi. Kioo cha kukazwa ukikipiga usoni kinavumilia, ukikigonga kona kwenye sakafu ya saruji kinakwisha. Kwa hiyo kisilazwe. Kikae wima kwa ukingo wake mrefu, ndani ya kasha la mbao, na sponji nene kwenye kona zote nne. Nimeshaona kioo kimewekwa bapa kwenye buti la basi, juu yake magunia, na mpokeaji analaumiwa kwa nini kimepasuka. Kasha la mbao lina gharama, lilipie. Na kabla hujatuma hela, mkubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara kikifika kimevunjika. Kama duka la bei ya juu linajumuisha kasha na dhamana ya njiani, ile tofauti ya mara tatu inaanza kupungua. Fungua kasha palepale stendi, mbele ya mhusika, usifungulie nyumbani.

Kuhusu kazi yenyewe, yako ni afadhali. Watu hudhani kioo kinachofunguka ndicho kigumu kubadilisha, kumbe mara nyingi ni kinyume, kwa sababu kinashikwa kwa skrubu. Kazi kubwa ni kusafisha reli. Nusu siku inatosha kama reli ni nzima. Fundi akikwambia lazima ashushe siling yote, mwulize kwa nini. Kwa fremu ni sawa, kwa kioo peke yake mara nyingi si lazima. Akiishusha, atoe terminali ya betri kwanza na asubiri dakika chache, kwa kuwa magari mengi ya aina hii yana mifuko ya hewa iliyokunjwa pembeni mwa paa. Betri ikirudishwa, mara nyingi mota inabidi ifundishwe upya mwisho wa kufunga na wa kufungua, la sivyo paa litasimama katikati au litakataa kujizuia likikutana na mkono wa mtoto. Usiondoke gereji kabla hujaona jambo hilo limefanyika.

Kulinganisha kioo ni kazi ya vidole. Ukingo wa mbele uwe sawa na bati au chini yake kidogo sana, ukingo wa nyuma uwe sawa au juu kidogo, ili upepo upite bila kushika. Chukua ukanda wa karatasi ya daftari, ufunge paa juu yake, uuvute. Ukitoka kwa ugumu uleule pande zote, raba inabana vizuri. Ukichomoka kirahisi kona moja, hapo ndipo maji yatakapoingia.

Kwa vioo vya kubandikwa, gundi ndiyo roho ya kazi. Ni gundi ya polyurethani, ile nyeusi ya vioo vya mbele ya dereva, pamoja na praima yake, yaani dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike. Gundi hii hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani. Kigoma kando ya ziwa unyevu upo. Tabora mwezi wa Agosti hewa imekauka kabisa, na gundi iliyoonekana ngumu juu inaweza kuwa bado laini ndani. Nalaza gari usiku mzima hata kama mwenyewe ana haraka, na naacha dirisha moja wazi kidogo, maana mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa hewa inakisukuma kioo juu. Mwombe fundi akuonyeshe tarehe kwenye mrija wa gundi. Iliyokaa dukani kwenye joto mpaka ikapita muda inauzwa rahisi, na wengine wanaitumia. Silikoni inayonuka siki usiikubali kabisa. Haibebi kioo, inakula bati, na siku ukitaka kubandika kwa gundi ya kweli, mabaki yake yanaizuia isishike.

Na bati? Naelewa kwa nini umeshauriwa hivyo. Mkono ukiwa mfupi, bati linavutia. Lakini kulichomelea ni kuleta cheche karibu na siling na ile mifuko ya hewa, kuunguza rangi na kinga ya kutu kuzunguka tundu lote, na kuziba mifereji ya maji. Ukikosa hela ya kioo kwa sasa, ni bora fundi bodi akukatie bati la kufunga kwa zile zile skrubu za kioo, lenye raba chini, bila kuchomelea. Litakusitiri miezi kadhaa na siku ya kioo linatoka.

Mifereji hiyo niliyoitaja ndiyo itakayoamua kama utaridhika. Chini ya paa kuna karai linalokusanya maji yanayopenya raba, na kwenye kona zake kuna mirija inayoyashusha hadi chini ya gari. Kwetu inazibwa na vumbi na maua ya mwembe, na sasa na punje zako. Kazi iliyofanyika kiangazi haionyeshi kosa mpaka mvua za Novemba, wakati fundi ameshasahau sura yako. Kwa hiyo kabla ya kulipa salio, mimina maji kikombe kimoja kwenye kila kona, umwambie mtu aangalie chini. Yatoke pande zote. Pasipotoka, pazibuliwe kwa waya laini wa plastiki. Upepo wa kompresa unachomoa mirija kule juu, na maji yataishia kwenye zulia.

Kama una bima kubwa, piga simu kabla hujanunua kitu na kabla hujafagia, na uwatumie picha. Soma mkataba kama umeandikwa kioo cha mbele ya dereva tu au vioo vyote, maana paa linaangukia kwenye hivyo vyote. Bima ndogo ya thad pati haitakulipa kwa hili.

Kioo kipya kikishakaa, mwombe fundi wa tinti akibandikie kwa ndani karatasi nene ya usalama, hata ile isiyo na rangi. Haizuii kioo kupasuka, inashika punje zisikuangukieni. Lakini hilo ni la mwisho. Jioni ya leo, jua likiwa limepoa, piga picha ya kibati cha chasisi na ya muhuri wa kona ya kioo cha nyuma, uzitume kwa maduka yote mawili na swali moja: kipande cha mbele kinachofunguka, kikiwa na raba na bati lake, kwenye kasha la mbao hadi stendi ya Tabora, ni shilingi ngapi? Halafu nitumie majibu yao.